Mama, Ile Damu Haikuganda

Mama yangu,

Kabla ya neno lolote, ninalijua swali lako: ni nani anayeandika, na ni nani aliyekaa naye? Tulia. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya meza ndogo katika chumba nilichopanga hapa Mwisenge, mjini Musoma. Mlango nimeufunga. Hakuna mtu aliyeniambia niandike nini.

Ninakumbuka jinsi ulivyozipokea meseji zangu nilipokuwa chuoni. Kwanza ulimpa simu Mama Masatu, jirani yetu pale Kibara, akakusomea. Ukamshukuru. Kisha ulizunguka njia ya nyuma hadi kwa katekista, ukamwomba akusomee ujumbe ule ule, ukimsikiliza kwa makini uone kama yule wa kwanza aliongeza neno au alipunguza. Katekista alinipigia siku moja akicheka: "Nyangeta, mama yako ananipimaga mimi kama mzani wa dukani!" Nilicheka naye, lakini ndani nilikereka. Nilikuwa msomi, na niliona aibu kuwa na mama asiyemwamini hata katekista.

Siku ya mahafali yangu ndiyo usiseme. Wenzangu walikumbatiwa na mama zao. Wewe ulikichukua cheti changu, ukakiinua juani, ukakigeuza upande wa nyuma, halafu ukauliza mbele ya mhadhiri wangu kama mhuri ule ni wa kweli.

Na samaki, Mama. Nani pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, asiyekukumbuka kwa samaki? Wavuvi walikuwa wakikuona unashuka, wanaanza kuambizana kwa macho. "Mama Nyangeta, huyu sato katoka majini sasa hivi, bado anapumua!" Nawe hukuwa hata unasimama vizuri: "Basi mwambie apumue nione. Fungua shavu." Ukalifunua shavu lenyewe kwa kidole, ukatazama ule wekundu, ukanusa, ukahamia upande wa pili wa samaki yule yule na kulifunua shavu la pili, kana kwamba samaki mmoja anaweza kuwa mzima upande huu na kuoza upande ule.

Fungua shavu nione. Ninaomba ulikumbuke neno lako hilo, kwa maana barua hii yote inaliegemea.

Sasa nikupe habari. Nimepata kazi, na ni kazi ya damu. Ninajua umeshakunja uso. Hebu nieleze vizuri, kama nilivyopaswa kukueleza wakati ule, badala ya kukuhubiria kwenye simu.

Ulipoanza kuvimba miguu, ulikwenda kituo cha afya pale Kibara, na nesi Perpetua akakutoa damu mkononi. Damu hiyo haikuweza kupimwa ikiwa nzima. Ilipaswa kwanza itenganishwe: chembe nyekundu zikae peke yake, na yale maji ya njano yanayozibeba, ambayo sisi tunayaita plazima, yakae peke yake, kisha yapimwe. Kazi hiyo hufanywa na mashine inayoizungusha damu kwa kasi mpaka vizito vizame na vyepesi vibaki juu. Kibara haikuwa na mashine hiyo. Kwa hiyo kichupa chako kilitiwa katika kisanduku, kikafungwa nyuma ya bodaboda, kikaanza safari ya Bunda kwa barabara unayoijua. Kilirushwa, kikapigwa jua, chembe nyekundu zikapasuka, na maji ya njano yakageuka mekundu. Bunda wakaandika: sampuli imeharibika, mgonjwa arudie.

Ulinipigia kwa hasira. "Imeharibikaje? Kwani damu ni nyanya?" Ukarudia kutolewa, nayo ikaharibika pia. Ndipo uliposema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikilizwa mlangoni: "Hawa wanaiuza, mwanangu. Wanatuambia imeharibika, kumbe wameshaiuza."

Jibu la figo zako lilipopatikana, ulikuwa tayari umelazwa Musoma, na daktari alilisoma huku akitikisa kichwa kidogo. Siwezi kuandika kwamba kama jibu lile lingewahi, ungekuwa hai. Mtu wa sayansi haruhusiwi kuandika jambo asiloweza kulithibitisha. Ila ninashuku, Mama. Ninashuku ninapoamka, na ninashuku ninaponawa mikono kazini.

Na kwa muda mrefu niliyemshuku alikuwa Perpetua. Nilijiuliza kama alikiacha kichupa chako dirishani, juani, akaenda kunywa chai. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na kifo tu, na kifo kinatafuta mtu wa kukaa naye.

Kazi yangu ni hii. Upo mradi unaojaribu kifaa kinachoitwa chipu. Ni kipande cha plastiki angavu, hakizidi kiberiti, na ndani yake imechongwa mifereji myembamba kuliko unywele. Unatoboa kidole, unadondosha tone kwenye mdomo wa mfereji mkubwa, nalo linajivuta lenyewe. Chembe nyekundu hushika njia ya katikati. Plazima hukwepa pembeni, kwenye vijifereji ambavyo chembe haziwezi kupita, na kukusanyika katika kisima kidogo mwishoni, tayari kupimwa pale pale. Hakuna mashine ya kuzungusha, hakuna umeme, na hakuna bodaboda. Niliposikia habari ya kifaa hiki mara ya kwanza, nilitoka nje ya ofisi, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, nikalia kwa ajili yako.

Jambo moja tu ulishike. Damu ikitoka mwilini huganda, na ikiganda ndani ya mfereji mwembamba kuliko unywele, kazi imekwisha. Kwa hiyo kiwandani mifereji hiyo hupakwa dawa ya kuzuia kuganda. Kama dawa hiyo inatosha, chipu ni nzima. Kama haitoshi, ni plastiki tu.

Tulifanya onyesho la kwanza mjini Bunda, katika ukumbi ulio karibu na machinjio. Walikuja wageni wa mradi na wakubwa wa afya. Hatukuweza kutoboa vidole vya watu asubuhi nzima kwa ajili ya maonyesho, hivyo tuliamua kutumia damu ya ng'ombe. Sharti lilikuwa moja: isitiwe dawa yoyote, ili tuone kama dawa iliyopakwa ndani ya chipu inatosha. Aliyetumwa kuifuata ni mwenzangu Kelvin, kijana wa Iringa, mcheshi, mwenye viatu visivyoshika vumbi hata Bunda. Alikwenda na pikipiki, akarudi muda si mrefu na chupa imejaa.

Mama, ungeniona siku ile. Nilivaa lile koti jeupe, nikazungumza kwa maneno yaliyopangwa, nikadondosha damu kwenye chipu moja baada ya nyingine. Zote zilitiririka. Kila kisima kilijaa maji ya njano. Wageni walipiga makofi. Mkuu wangu, Dokta Lyimo, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote: "Huyu binti ndiye tutakayempeleka masomoni." Unajua nilivyoyataka masomo hayo. Nilitaka shahada ya pili kabla sijatimiza umri ambao wewe ulikuwa umekwisha kuzaa watoto wote.

Wageni walikula pilau, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nilibaki kuosha vyombo. Nikaichukua ile chupa, ambayo bado ilikuwa na damu hadi nusu, nikaiinamisha juu ya sinki.

Ikamiminika.

Damu isiyotiwa dawa, iliyokaa tangu asubuhi, ilipaswa kuwa imeshikana kama maini. Hii ilimwagika yote, laini, kama juisi ya rozela. Hakukuwa na bonge hata moja, wala uzi. Bomba lilikuwa wazi na mimi nimesimama, na nikaisikia sauti yako nyuma ya sikio langu kabisa: fungua shavu nione.

Nikamshuku Kelvin. Nilikuwa na sababu. Mikataba yetu sote ilitegemea onyesho lile lifanikiwe, na yeye ndiye aliyekuwa peke yake na chupa njiani. Niliamini ametia dawa ya kuzuia kuganda ili chipu zisituaibishe. Tangu siku hiyo nilianza kumwangalia jinsi ulivyokuwa ukimwangalia muuza mafuta ya taa. Akikunja mikono ya shati, nilijiuliza kwa nini. Akiongea na simu nje, nilihesabu kwamba anazungumza na kiwanda. Alininunulia soda, nikakikagua kizibo kwanza. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikuwa na cha kuonyesha. Niliosha chupa ile kwa mikono yangu mwenyewe, na ushahidi ukaenda na maji.

Kisha tulizipeleka chipu Kibara, kwenye vidole vya watu.

Aliyepewa kazi ya kutoboa ni Perpetua. Nilipomwona anafungua kisanduku, moyo wangu ulikuwa mgumu, sitakuficha. Alitoboa kidole cha mvuvi mmoja, tone likaingia, likatembea hadi karibu na nusu ya mfereji, likasimama, kama ng'ombe aliyekuta lango limefungwa. Akatoboa kingine, na tone likasimama vilevile. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Kenyewe kadogo hivi, kanakunywa damu, halafu kananyamaza," mvuvi yule akasema huku akinyonya kidole chake. "Sasa hiyo damu inabakiaga wapi?"

Mwanamke aliyekaa nyuma yake hakushusha sauti. "Si ndiyo yale yale ya mama yake? Mama walimnyonya mpaka akaisha. Leo mtoto naye kaja kuchukua ya kwetu."

Watu walicheka kicheko kile cha pembeni. Nilitazama sakafu. Mama, nilitaka kumjibu kwamba wewe ungekuwa hai, ungekuwa wa kwanza katika benchi lile kusema hivyo hivyo.

Dokta Lyimo aliposikia kwamba chipu zinaziba, hakusita. Bunda zilifanya kazi, Kibara hazifanyi, kwa hiyo kosa ni la Kibara. Nesi anakamua kidole, anachelewa, vumbi linaingia. Akaniagiza niandike taarifa kwamba chanzo ni uzembe wa mtoa huduma, ili iwasilishwe katika kikao cha Musoma, Perpetua aondolewe katika mradi na mwajiri wake aarifiwe.

Nilipomwambia, Perpetua alikuwa anafunga takataka. "Dada Nyangeta, unaniangaliaga vibaya tangu msiba. Nilidhani ni uchungu tu. Kumbe una kesi na mimi." Akachukua ndoo yake, akatoka.

Nilitaka iwe yeye. Ninakuandikia wewe peke yako maneno haya. Kama Perpetua ni mzembe kwenye chipu, basi alikuwa mzembe kwenye damu yako pia, na mimi ningepata mahali pa kuliweka lile ninalolibeba. Nikaianza taarifa ile. Nikaandika kwa lugha nzuri sana.

Kabla ya kikao, ndugu zako wa Butiama waliita ukoo kwa ajili ya kumaliza msiba wako. Kule ndiko ulikolala, kama ulivyousia, ingawa upande wa Baba walinuna na hawajaacha kununa. Hukutaka kuzikwa Kibara, karibu na Baba, kwa sababu ulilishuku ziwa. Ulisema limekwisha kula viwanja vya watu, na halitashindwa kula kaburi. Nani angekubishia?

Mjomba alichinja ng'ombe. Wale wa ukoo waliookoka kwa Wasabato walihama na viti vyao, wakakaa upande wa upepo, kwa kuwa wao hawali damu na walijua kinachofuata. Damu ikakingwa katika beseni, na Mama Mkubwa akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake.

"Njoo wewe msomi. Mama yako ndiye alikuwaga anakoroga. Shika kijiti hiki, usituharibie, leo tunataka kuipika na maziwa."

Nikapiga magoti. Nikakoroga kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo, kwa kijiti kilichomenywa ganda, kwa kuzungusha upande mmoja bila kusimama. Ilikuwa bado ya moto. Baada ya muda nikaanza kuzisikia zile nyuzi zikijivuta, zikikishika kijiti, zikijizungusha juu yake kama sufi kwenye mti. Nikakiinua. Mama Mkubwa akazivua zile nyuzi kwa vidole, akazitupa, mbwa wa Mjomba akazidaka kabla hazijafika chini. "Bado kidogo," akaniambia. "Mama yako alisemaga, koroga mpaka kijiti kitoke kitupu, ndipo haigandi tena, hata ukiiacha mpaka jioni."

Hata ukiiacha mpaka jioni.

Nilibaki na kijiti hewani. Wanawake walidhani nimeshikwa na kilio, wakaanza kunibembeleza, mmoja akaninyang'anya kijiti. Sikuwa ninalia. Nilikuwa Bunda, mbele ya sinki. Zile nyuzi, Mama, ndizo zinazogandisha. Nimezisoma chuoni, nimezijibia mtihani, ninalijua jina lake la kitaalamu. Na tangu utotoni nimekuona ukiwatupia mbwa. Haikuwahi kunijia kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja, kwa sababu kimoja nilikijua darasani na kingine nilikijua nyumbani.

Nilikwenda nyuma ya zizi, nikampigia Kelvin.

"Siku ile ya onyesho, yule mchinjaji alifanya nini kabla ya kukujazia chupa?"

"Dada, hata salamu?"

"Kelvin, alifanya nini?"

"Si alikinga kwenye ndoo. Akakorogakoroga na kijiti. Nilidhani anatoa uchafu, sisi kwetu hatufanyi hivyo. Halafu akamimina." Kisha akacheka, lakini si kwa furaha. "Ngoja. Ndiyo maana ulikuwa unanitazama kama nimekuibia kuku? Umenishuku mimi, dada? Mwezi mzima unakagua soda zangu?"

Nilimwomba tukutane Bunda.

Tulikwenda pamoja machinjioni. Mzee yule wa Bunda alishangaa hata kuulizwa. "Sasa wanangu, mlisema ni damu ya wageni wakubwa. Niwaletee wageni damu imegandaga? Si wangesema watu wa Bunda hatujui kazi?" Aliikoroga kwa heshima, Mama. Hakuna aliyetudanganya. Na la kutisha zaidi ni hili: hata kama ningekwenda mimi badala ya Kelvin, ningesimama pale na kumwona anakoroga, nisingeona kitu. Ningejisikia niko nyumbani.

Tukamwomba atukingie nyingine, asiiguse. Tulikuwa na chipu mfukoni. Tulidondosha pale pale, juu ya ukuta wa machinjio. Damu ikaingia, ikatembea hadi karibu na nusu ya mfereji, ikasimama. Kama Kibara. Dawa iliyopakwa ndani haikutosha tangu mwanzo. Bunda hatukuwa tumeijaribu chipu. Tuliipa damu ambayo tayari ilikuwa imenyang'anywa kila kitu cha kugandisha, tukaishangilia kwa kutoganda.

Kikao cha Musoma kilikuwa kwenye chumba chenye feni inayolia. Taarifa yangu ilikuwa mbele ya kila mtu, ile yenye lugha nzuri, ya uzembe wa mtoa huduma. Dokta Lyimo akanikaribisha niisome. Nikasimama, nikaomba taarifa ile iondolewe mezani. Nikaeleza habari ya kijiti.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa kufungulia kikao. Dokta Lyimo hakucheka.

"Nyangeta, unajua maana ya unachokisema? Matokeo ya Bunda yameshakwenda kwa wafadhili."

"Ninajua, Dokta. Maana yake ni kwamba chipu hii hatujawahi kuijaribu hata mara moja."

Mama, nilikuwa nimeliandaa neno hilo kwa ufundi, nikitaka lisikike vizuri. Lilipotoka lilisikika kama mlango unaofungwa. Kelvin, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu la kunitetea, alisimama akasema yeye ndiye aliyeibeba chupa na ndivyo ilivyokuwa. Kisha kila mtu akaanza kutazama karatasi zake. Wengine sasa wananishuku mimi. Wanauliza nimetumwa na nani, na kwa nini sikusema mapema. Wana haki. Ningekuwa wao ningeuliza.

Jina la Perpetua liliondolewa katika taarifa. Chipu zilirudishwa kiwandani zipakwe upya. Na mlangoni, akitafuta ufunguo wa gari, Dokta Lyimo aliniambia kwamba suala la masomo litaangaliwa upya. Hakunitazama usoni. Ninashuku halitaangaliwa.

Nilikwenda Kibara kumwambia Perpetua. Sikujua nianze wapi, nikaanza na chipu, nikamaliza na wewe. Nilimwuliza moja kwa moja kama kichupa chako kilikaa juani. Alisema hapana, alikifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na akaisimamisha bodaboda yeye mwenyewe barabarani. Akaongeza: "Mama yako alinifuata mpaka barabarani, na miguu yake ile imevimba. Alitaka kuona kinakwenda upande wa Bunda kweli."

Hilo nililiamini papo hapo, Mama. Hakuna mtu angeweza kulitunga.

Chipu mpya zimefika. Kidole cha kwanza tuliamua kiwe changu. Benchi lilikuwa limejaa, na yule mwanamke alikuwepo, mbele kabisa, amekunja mikono. Perpetua akanitoboa, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, nadhani. Tone likaingia. Likafika nusu. Likapita. Nikaona vijifereji vya pembeni vikianza kung'aa, na kisima kikajaa taratibu maji yenye rangi ya samli iliyoyeyuka. Watu walinyanyuka kutazama. Wote walidhani nitashangilia.

Nilimwambia Perpetua anitoe damu nyingine mkononi, kwenye kichupa. Nikakifunga kwa kitambaa chenye maji, nikapanda bodaboda, nikakipakata mwenyewe kwa barabara ile ile hadi Bunda, nikimfokea dereva kila penye shimo. Wakakizungusha kwenye mashine, tukapima, tukalinganisha na kilichotoka kwenye chipu. Vilikubaliana. Siku iliyofuata tulifanya hivyo kwa damu ya Perpetua, kisha kwa ya Kelvin, ambaye alitaka kwanza nimhakikishie kwamba sindano imekaguliwa kama soda zake. Vinakubaliana mpaka sasa. Bado sijasema kwamba kifaa hiki ni kizima. Wenzangu wanachoka. Mimi ninalifunua shavu la pili.

Yule mwanamke, baada ya kutobolewa naye, aliniuliza lile swali la mvuvi, safari hii kwa sauti ya kawaida: "Na hiyo inayobaki?" Nikamwita nyuma ya kituo, kwenye tanuru la kuchomea taka. Akasimama akaiona chipu yake ikiingia motoni na ikiisha. Kesho yake alikuja na shemeji yake, kumwonyesha tanuru. Sasa tumeufanya kuwa utaratibu: anayetaka kuifuata damu yake mpaka mwisho, tunamruhusu. Wengi wanafuata. Wanasimama pale, mikono nyuma, wanatazama moshi, kisha wanakwenda zao mwaloni. Kila ninapowaona ninawaza kwamba ungekuwa miongoni mwao, umejitanda kanga, umesogea karibu kuliko wengine.

Zamani niliiona tabia yako kuwa ya mtu asiyesoma. Leo wananilipa kwa ajili yake, na sijui kama bila wewe ningeinamisha chupa ile na kuona kitu.

Sasa nikuage, Mama, maana karatasi inaisha na ninaujua uvumilivu wako. Ninakuahidi mambo mawili. Hakuna mtu wa Kibara atakayeambiwa na mimi kwamba damu yake imeharibika bila kuelezwa imeharibikaje, hata akiuliza kwani damu ni nyanya. Na chipu hii haitapata sahihi yangu kwa sababu ya makofi.

Jumapili nitakuja Butiama. Barua hii nitakusomea mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu na kichwa chako. Kisha nitanyamaza, na nitampa Perpetua, ambaye amekubali kuja nami, aisome tena tangu mwanzo, ili ulinganishe.

Mwanao,
Nyangeta